Ndege kwenye jengo la zamani Dodoma: soma dalili kabla ya kuziba tundu

Majengo ya zamani ya Dodoma na wilaya zake yana mianya mingi. Kuna nyumba za mawe zilizojengwa enzi za Wajerumani kandokando ya reli, iliyofika hapa mwaka 1910. Kuna makanisa na shule za misheni za Mvumi na Mpwapwa, nyumba za Kongwa zilizobaki tangu mradi wa karanga ulioanza 1947, na tembe za Wagogo, nyumba zenye paa bapa la udongo, huko vijijini. Paa limeachana na ukuta, jiwe limedondoka, ubao wa upenu umeliwa na mchwa. Ndege aliyezoea kuzaa ndani ya shina la mbuyu akiona tundu kama hilo hahitaji kukaribishwa.

Wenye nyumba hulalamika kwa sentensi moja: "Ndege wanaharibu nyumba." Nikienda kuangalia, mara nyingi nyumba ilianza kuharibika zamani na ndege amekuja kuonyesha palipoachia. Ndiyo maana hapa chini nimepanga mambo kwa dalili, yaani kile unachokisikia, kukinusa au kukiona ukiwa umesimama chini. Ukishakijua chanzo, kuziba ni kazi ya nusu siku. Ukianza na saruji unaweza kufungia makinda ndani, na hapo utakuwa na tatizo la pili kubwa kuliko la kwanza.

Anza na jioni moja ya kukaa nje

Hatua hii ni ya kila tatizo. Weka kiti uani saa kumi na mbili jioni, tazama upenu mpaka saa mbili usiku. Shomoro huingia mapema, jua likiwa bado lipo. Teleka, wale weusi wenye mabawa ya mundu ambao wengi tunawaita mbayuwayu, huzunguka angani kwa kundi wakipiga kelele, kisha giza likianza kuingia hujitosa tunduni mmoja baada ya mwingine. Popo wanafanya kinyume: saa hiyohiyo ndiyo wanatoka. Bundi hutoka giza likishatulia, kimya kabisa, na usipokuwa makini utaona kivuli tu.

Asubuhi angalia vinyesi chini ya tundu. Vya ndege vina weupe uliomwagika ukutani na sakafuni. Vya popo ni vidogo, vyeusi, havina weupe, na ukivibonyeza kwa kijiti vinasagika kuwa unga wenye vipande vinavyong'aa vya wadudu. Vya panya ni vigumu na havisagiki hivyo. Vya mjusi vina ncha nyeupe upande mmoja. Watu wengi wanaosema wana ndege darini wana popo, na popo hatibiwi kwa maelekezo haya.

Usiku darini kuna mtu anakoroma au kufoka

Sauti ni ya pumzi ndefu yenye mkwaruzo, inaanza baada ya saa moja usiku, inakatika, inaanza tena, wakati mwingine mpaka alfajiri. Familia zimewahi kuhama chumba kwa sauti hii. Wengine wameita mganga, wengine mchungaji.

Tafuta vitonge. Kama chini ya tundu, au darini karibu na ukuta wa pembetatu wa paa, kuna vitonge vyeusi vya sentimita 3 hadi 5, vikiwa vipya vinang'aa, vipasue kwa kijiti. Ukikuta manyoya ya panya na mifupa midogo, pamoja na fuvu lenye meno marefu ya njano ya mbele, una bundi mweupe mwenye uso wa moyo. Hicho si kinyesi. Ni mabaki asiyoweza kuyasaga tumboni, ambayo huyatapika. Wanaokoroma ni makinda wanaodai chakula.

Wazee watasema bundi akitua juu ya nyumba kuna msiba. Sibishani na mtu nyumbani kwake. Ninachofanya ni kumwonyesha vile vitonge na kumwomba ahesabu mafuvu ya panya, maana hao ndio wangekuwa ghalani kwenye mtama wake. Wengi hunyamaza kidogo, kisha huuliza watoto wa bundi wataondoka lini.

Jibu: mayai huatamiwa kwa takriban mwezi mmoja, na makinda hukaa wiki 8 hadi 10 kabla ya kuruka. Mayai hayaanguliwi siku moja, kwa hiyo usishangae kukuta kinda mkubwa na mdogo kwenye kiota kimoja. Ukisikia kukoroma kukubwa, hatua ndefu imeshapita, vumilia. Wakati wa kusubiri, sukuma boksi au vitu vilivyohifadhiwa darini mbali na tundu, tandika turubai chini yao ili dari isilowe, na acha kabisa kutumia sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hutembea polepole, bundi humkamata, na sumu inampata yeye na makinda yake.

Kama unataka wahame paa lakini wasihame shamba, tundika sanduku la mbao kwenye mti mrefu au ghala kabla ya kuziba. Sakafu isipungue sentimita 40 kwa 60, na tundu la kuingilia liwe juu, angalau sentimita 45 kutoka sakafuni, ili makinda wasianguke wakianza kuchungulia.

Harufu ya kuoza, lakini mzoga hauonekani

Hili huwachanganya hata mafundi. Ukuta unanuka nyama iliyooza, mmebomoa kona, hakuna panya aliyekufa. Kabla ya kuendelea kubomoa, uliza maswali mawili. Harufu inapungua siku hadi siku? Kama inapungua na kuna mainzi makubwa ya kijani, ni mzoga, na joto la Dodoma litaumaliza. Kama haipungui, na kuna ndege mwenye rangi ya udongo mwekundu, kishungi kichwani, mdomo mrefu uliopinda kidogo na mabawa ya mistari myeusi na myeupe, anayeingia kwenye ufa akiwa na mdudu mdomoni, basi umempata: hudihudi.

Hudihudi, ndege yule wa kisa cha Nabii Suleiman, ni mzuri wa kumtazama, ila kiota chake ni jambo jingine. Jike anayeatamia na makinda wake hutoa majimaji yenye harufu ya nyama mbovu kutoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia, na harufu hiyo huwafukuza maadui. Makinda wakitishwa hurusha kinyesi kuelekea tunduni, kwa hiyo usisogeze uso wako kuchungulia. Tundu lenyewe linaweza kuwa chini kabisa, usawa wa goti, kwenye ukuta wa mawe uliopoteza lipu.

Dawa ni kalenda. Kuatamia ni kama wiki mbili na kidogo, makinda wanakaa karibu mwezi. Baada ya hapo tezi hurudi kawaida na harufu huisha. Wakishatoka, toa uchafu wote wa ndani, acha tundu lipigwe na hewa siku kadhaa, kisha ziba. Kupulizia manukato ukutani ni kupoteza fedha.

Tope limeganda juu ya mlango, na limeanza kuota manyoya

Mbayuwayu wenye michirizi kifuani na kichwa cha rangi ya kutu hujenga kiota cha vidonge vya tope kilichobandikwa chini ya upenu au dari ya baraza, chenye shingo ndefu ya kuingilia. Wanaanza mvua ikishatengeneza tope, kwa hapa ni kuanzia Desemba. Ukiwaona wanajenga Agosti, kagua bomba lako: tope wanalitoa mahali.

Kiota hicho hakidhuru ukuta. Kinachosumbua ni uchafu mlangoni, na ubao wa upana wa sentimita 25 uliopigiliwa kama nusu mita chini yake humaliza kesi. Usikibomoe ili "wajifunze." Watajenga upya palepale, na tope lote litaishia kwenye baraza yako mara ya pili.

Sasa, ukiona manyoya meupe yanachomoza kwenye shingo ya kiota, mwenye nyumba amebadilika. Kuna teleka mwenye mkia wa panda na mstari mweupe kiunoni ambaye hajengi. Hupora kiota cha mbayuwayu na kutandika manyoya mpaka mlangoni. Shomoro naye hupora, lakini yeye hujaza majani makavu, nyuzi na vipande vya mfuko. Mbayuwayu aliyefukuzwa huanza kujenga kingine pembeni. Ndiyo maana baraza moja inaweza kuwa na viota vitatu, na mtu akadhani wamevamiwa na kundi.

Teleka mdogo wa mkia uliokatika sawa ni tofauti: huishi kwa jamii. Viota vyao ni majani na manyoya yaliyogandishwa kwa mate, vimeshikana kuwa lundo moja chini ya zege la mnara wa maji, daraja au baraza la ghorofa. Hao hulala humo mwaka mzima, hata wakiwa hawana mayai.

Na ukimkuta teleka mmoja chini uani, akijikokota kwa tumbo, usiseme kavunjika bawa mpaka uhakikishe. Miguu yake mifupi imeumbwa kushika ukuta, si kutembea, na kuruka kutoka ardhini ni kazi ngumu kwake. Mweke kwenye kiganja kilichofunguka, nyanyua juu ya kichwa mahali peupe, subiri. Usimrushe. Akiwa mzima ataondoka mwenyewe.

Doa kwenye dari

Dodoma inatusaidia hapa kuliko mikoa ya pwani, kwa sababu kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni ya kusimuliana. Doa linalotokea au kukua mwezi Septemba haliwezi kuwa la bati kuvuja. Ni kinyesi na mkojo kutoka juu, wa njiwa, bundi au popo. Doa lenye duara la kahawia linaloongezeka kila mvua inaponyesha ni maji. Likianzia juu ya ukuta wa nje na kushuka, angalia gata kwanza: kiota cha shomoro kikiziba mdomo wa bomba la kushushia, maji hurudi nyuma na kuingia ukutani. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa huyanywa maji hayo wiki nzima.

Njiwa ndio wanaochakaza zaidi. Kinyesi chao kina tindikali, hula mabati na chokaa, na hawana msimu: mayai mawili, siku 17 au 18 za kuatamia, makinda wanatoka baada ya mwezi hivi, na mara nyingi mama ameshataga tena. Kusubiri wamalize ni kusubiri bila mwisho, kwa hiyo hapa unaingilia kati ya kizazi na kizazi, makinda wakishatoka na kabla ya mayai mapya. Kwenye ukingo wanapotua, weka ubao wa mteremko wa digrii 45 au zaidi. Sanamu za bundi za plastiki huwatisha kwa muda mfupi, kisha wanazikalia.

Wanaovuna maji ya mvua wasikie hili. Miezi sita ya kinyesi imelala juu ya bati, na mvua ya kwanza inaisukuma yote kwenye tangi. Safisha gata Novemba, na bomba la kuingilia tangini likae limegeuzwa nje mpaka mvua ya kwanza nzuri ioshe paa.

Taa zinacheza, kiyoyozi kinapumua vumbi, kuna harufu ya kuungua

Zima umeme kwanza. Shomoro hupenda tundu la bomba la kiyoyozi, kofia ya taa ya nje na sanduku la waya lisilo na mfuniko, na kiota chake ni majani makavu matupu yanayogusa waya wenye joto. Hii ndiyo hali pekee ambayo sishauri kusubiri makinda. Mita ya LUKU na waya wa nguzo si vyako, waite TANESCO. Vilivyo ndani mwachie fundi umeme. Kunguru naye hubeba vipande vya waya na kuvipanga juu ya mnara wa antena au chini ya paneli za sola. Akianza, ondoa vijiti kila siku kabla hajataga.

Ndege anapigana na kioo kila asubuhi

Huyu hajengi wala haharibu. Ameona taswira yake, anadhani ni mpinzani amevamia eneo lake. Hondohondo mwenye mdomo mwekundu ni bingwa wa ugomvi huu, na vioo vya gari hataviacha. Kufunga pazia ndani hakusaidii, kunafanya kioo kiakisi zaidi. Paka sabuni ya mche upande wa nje, au tundika kanga nje ya dirisha, mpaka msimu wake wa kuzaa upite.

Kuwashwa usiku baada ya ndege kuondoka

Mliwaacha kwa amani, makinda wameruka, na sasa watu wanaamka na vipele. Viota vya zamani vina utitiri na viroboto. Damu ya ndege ikikosekana, wanashuka. Toa kiota ndani ya siku chache baada ya kuachwa, sio baada ya miezi. Lowesha kwanza kwa maji ya sabuni, vaa barakoa na glavu, weka kwenye mfuko, choma au fukia. Usifagie kikavu: vumbi la kinyesi cha njiwa na popo linaweza kubeba fangasi wanaoingia mapafuni.

Lakini kwenye tembe au nyumba yoyote ya sakafu ya udongo, usimsingizie ndege haraka. Papasi hukaa kwenye nyufa za sakafu na ukuta, huuma usiku na kurudi kujificha, na huleta homa inayopanda, kushuka na kurudi tena baada ya siku kadhaa. Homa ya papasi inajulikana sana maeneo haya. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya apimwe damu, na sakafu na nyufa zisiribwe. Kuvunja kiota cha shomoro paani hakutagusa papasi hata mmoja.

Kuhusu tembe zenyewe: paa bapa la udongo juu ya miti huacha mwanya pale boriti inapokaa ukutani, na hapo ndipo ndege wa tunduni huingia. Kandika kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, baada ya mvua kuisha, ukuta ukiwa mkavu.

Na kama tundu lina kasuku wadogo wa kijani wenye shingo ya manjano na duara jeupe machoni, wacha. Hao ni wenyeji wa nyanda hizi za kati, asili yao ni Tanzania, na kuwakamata bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Afisa wanyamapori wa halmashauri ndiye wa kuulizwa.

Umeziba, wamerudi

Sababu ya kawaida ni kuziba tundu moja kati ya manne. Ya pili ni kuziba kwa gazeti, nguo au sponji, ambavyo shomoro huvitoa asubuhi moja. Ya tatu ni saruji. Ukuta wa mawe na chokaa husogea na kupumua. Saruji ngumu haisogei, kwa hiyo inaachia kingoni, maji yanaingia nyuma yake, na mwaka unaofuata una tundu kubwa kuliko lile la mwanzo. Tumia chokaa na mchanga, viraka vidogo, ukilowesha jiwe kabla na kukinga jua kwa gunia lililolowa siku chache za mwanzo.

Muda mzuri ni Juni hadi Oktoba, ndege wengi wanaokula wadudu wakiwa wamemaliza kuzaa. Hata hivyo rudia ile jioni ya kukaa nje, kwa sababu teleka wanaweza kuwa wamelala ndani na bundi huzaa panya wakiwa wengi, bila kuangalia mwezi.

Matundu ya hewa ya paa usiyazibe kabisa. Paa lisilopumua litaoza kenchi, yaani mbao zinazolibeba. Weka wavu wa chuma usioshika kutu wenye matundu ya milimita 12, ambao hakuna ndege atakayepita, na uufunge kwa upande wa ndani ili sura ya jengo isibadilike. Kama jengo limetangazwa kuwa la urithi chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, pata ruhusa kwanza. Na popote unapotoboa kwa ajili ya skrubu, toboa kwenye kiungo cha chokaa kati ya mawe, usitoboe jiwe: chokaa utaipaka tena, jiwe la 1910 hutalipata.